Mabilioni ya Magharibi kwa Urusi na jirani zake baada ya 1991: yaliyotangazwa, yaliyofika na yalikokwama

#1 Mlinganyo (mleta mada)

Wakuu, kila mada ya IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) ikianzishwa humu hazipiti posti kumi kabla hajatokea mtu kusema Urusi ilimwagiwa mabilioni baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, na mwingine akamjibu kwamba haikupewa hata senti. Wote wawili wamesoma vichwa vya habari. Naweka hesabu mezani, wenye nyongeza waongeze.

Tarehe 1 Aprili 1992 Rais Bush (yule baba) na Kansela Kohl wa Ujerumani walitangaza kifurushi cha dola bilioni 24 kwa Urusi. Kama vifurushi vyote, vigezo na masharti kuzingatiwa. Ukiivunja namba hiyo, bilioni 11 zilikuwa mikopo ya nchi kwa nchi, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya kununulia bidhaa za mkopeshaji mwenyewe. Marekani inakudhamini ununue ngano ya Marekani, Ujerumani inakudhamini ununue mashine za Ujerumani. Fedha haivuki mpaka hata siku moja: inatoka benki ya Ujerumani kwenda kwa mwenye kiwanda Ujerumani. Kinachovuka kwenda Urusi ni mashine na hati ya deni.

Bilioni 2.5 zilikuwa malipo ya deni la zamani yaliyoahirishwa, yaani fedha ambayo Urusi isingeweza kuilipa hata ingetaka. Bilioni 4.5 zilitarajiwa kutoka IMF, Benki ya Dunia na Benki ya Ulaya ya Ujenzi Mpya na Maendeleo (EBRD). Bilioni 6 zilizobaki zilikuwa mfuko wa kuimarisha rubli.

Sasa angalia kilichofika mwaka huo. Urusi ilijiunga IMF tarehe 1 Juni 1992. Agosti ikapata mkopo wa kwanza, SDR milioni 719 (SDR ni kipimo cha hesabu cha IMF), kama dola bilioni 1. Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wake wa kwanza, dola milioni 600, mwezi huohuo, lakini kuidhinisha si kutoa, manunuzi yalijikokota. Mfuko wa bilioni 6 haukutoa hata dola moja. Mikopo ya kununulia bidhaa ndiyo iliyotekelezwa kwa wingi, na kwa kuwa ilikuwa na riba za soko na muda mfupi, Aprili 1993 Urusi ilikuwa tayari Klabu ya Paris (kundi la nchi zinazokopesha) ikiomba kupangiwa upya dola bilioni 15 hivi.

Kumbuka pia Urusi ilibeba deni lote la nje la Kisovieti, kati ya dola bilioni 65 na 70, kwa makubaliano kwamba jamhuri nyingine zinaachia madai yao kwenye mali za Kisovieti zilizo nje. Poland, wakati huo, ilipunguziwa nusu ya deni lake na Klabu ya Paris mwaka 1991. Urusi ilipewa muda tu, si msamaha.

#2 Bi Hesabu

Asante kwa mchanganuo. Swali la haraka: huo mfuko wa bilioni 6 ulikwama kwa nini hasa? Poland walipewa wa bilioni 1 kuanzia Januari 1990 na mambo yakaenda.

#3 Mlinganyo

Na wa Poland haukuguswa. Ndiyo maana yake. Mfuko wa namna hiyo upo ili wenye zloti waamini kwamba benki kuu ikitangaza kiwango inaweza kukitetea. Ukiaminika, hakuna anayekujaribu.

Ili uaminike lazima kwanza bomba la noti lifungwe. Urusi iliachia bei tarehe 2 Januari 1992, na kwa miezi michache serikali ya Yegor Gaidar, kiongozi wa mageuzi ya uchumi, ikajitahidi kubana bajeti. Viwanda vikaacha kulipana, madeni baina yao yakavimba. Julai Viktor Gerashchenko akashika benki kuu akaanza kuyafuta hayo madeni kwa mikopo mipya ya benki kuu. Mfumuko wa bei wa mwaka ule ukafika asilimia 2,500 hivi. Ungeweka bilioni 6 sokoni kutetea kiwango chochote katika hali hiyo, zingekwisha ndani ya wiki kadhaa, na walionunua dola kwa bei ya serikali ndio wangekuwa wanufaika pekee.

#4 Kobe wa Ziwa

Hapo umeruka tatizo kubwa kuliko Gerashchenko, mkuu. Eneo la rubli.

Desemba 1991 nchi moja ilikufa zikazaliwa 15, lakini sarafu ilibaki moja. Mitambo ya kuchapa noti ilikuwa Urusi. Watu wengi wanadhani basi Moscow ndiyo iliyokuwa na udhibiti. Sivyo. Noti ni sehemu ndogo ya fedha. Kila benki kuu ya jamhuri iliweza kuunda rubli za vitabuni kwa kuzikopesha benki za kwake.

Fuata mnyororo. Kiwanda cha nguo katika jamhuri fulani hakina fedha ya kununua vipuri. Benki kuu ya pale inaikopesha benki ya biashara, benki inakikopesha kiwanda, kiwanda kinaagiza vipuri Urusi na kulipa kwa hundi ya rubli. Muuzaji wa Urusi anaingiziwa rubli kwenye akaunti yake, halali kabisa. Bidhaa imetoka Urusi, rubli mpya zimeingia Urusi, na bei zinapanda Urusi. Aliyeunda fedha kapata vipuri. Gharama imegawanywa kwa watu milioni 290 wa eneo zima. Ukiwa gavana wa mojawapo ya hizo benki kuu, ukijizuia wewe peke yako unaumia mara mbili: unakosa vipuri na bado mfumuko wa bei wa wenzako unakufikia.

Tarehe 1 Julai 1992 Moscow ikaanza kuwafungulia akaunti moja moja, kila jamhuri na kikomo chake. Tangu hapo rubli ya vitabuni ya Ukraine na ya Urusi zikawa vitu viwili, hata kama noti ilikuwa ileile. Lakini vikomo vilipitwa, na Urusi ikaendelea kuvifidia kwa kile walichokiita mikopo ya kitaalamu. Huo ulikuwa msaada mkubwa kwa jirani, mkubwa kuliko chochote kilichotoka G7 (nchi saba tajiri) mwaka ule, na haukutangazwa kwenye mkutano wowote.

IMF yenyewe ilichelewa hapa. Kwa sehemu kubwa ya 1992 ilikuwa inapendekeza eneo la rubli libaki lakini liratibiwe. Unaratibu vipi benki kuu 15 ambazo hazina sheria ya pamoja, wala mwenye kauli ya mwisho? Lawama hiyo wanaistahili.

Mwisho ukaja kibabe. Tarehe 24 Julai 1993 benki kuu ya Urusi ikatangaza kwamba noti za kabla ya 1993 zimefutwa, na mtu anabadilisha mwisho rubli 35,000 (baadaye wakapandisha hadi 100,000 kwa kelele za wananchi). Noti za zamani zikakimbilia kule zilikokuwa bado halali. Kufikia mwisho wa Novemba Turkmenistan, Kazakhstan, Uzbekistan, Armenia na Moldova zote zilikuwa zimetoka ndani ya mwezi mmoja. Tajikistan ilibaki na rubli hadi Mei 1995.

#5 Nuru_T

Mbona mnaongea kama walioachana na rubli wote waliumia? Estonia walitoka mapema kabisa na leo wanatumia euro.

#6 Kobe wa Ziwa

Walitoka vizuri kwa sababu walipanga. Tuone hatua zao, maana hapa ndipo kuna somo la ufundi.

Walibadilisha kati ya tarehe 20 na 22 Juni 1992. Kila mkazi aliyejiandikisha alibadilisha rubli 1,500 kwa kiwango cha rubli 10 kwa krooni 1, kwa hiyo akatoka na krooni 150. Kilichozidi hapo kilibadilishwa 50 kwa 1. Hiyo ya pili ndiyo ngao: mtu wa nje aliyebeba magunia ya rubli kuja kuyageuza anakuta kiwango hakimlipi.

Krooni ikafungwa kwa marki ya Ujerumani, krooni 8 kwa marki 1, chini ya bodi ya sarafu. Bodi ya sarafu ni benki kuu iliyofungwa mikono kwa sheria. Haitoi krooni mpaka ipokee fedha ya kigeni ya thamani hiyo. Haiikopeshi serikali. Kushusha thamani kunahitaji sheria ya bunge, si sahihi ya gavana usiku.

Akiba ya kuanzia waliitoa wapi? Hapa watu hudhani IMF. Estonia ya kabla ya vita ilikuwa imehifadhi dhahabu nje, na Uingereza, Sweden na Benki ya Malipo ya Kimataifa kule Basel zikarudisha, dhahabu au thamani yake, tani 11 hivi. Wakaongeza na misitu ya serikali kwenye mizania, ingawa sijui nani angekubali kulipwa marki kwa magogo. IMF ilikuja Septemba na mkopo mdogo wa SDR milioni 27.9. Kazi ya mkopo huo ilikuwa muhuri zaidi kuliko fedha.

Maumivu yalikuwepo. Novemba 1992 benki tatu kubwa zilikwama, mbili kati yake kwa sababu amana zao zilikuwa zimegandishwa Moscow kwenye Vneshekonombank, benki ya Kisovieti ya biashara ya nje. Benki ya Biashara ya Tartu ikaachwa ife, wenye amana wakapoteza. Katika jamhuri nyingine nyingi benki kuu ingechapa ikaiokoa. Bodi ya sarafu haikuwa na cha kuchapa. Mfumuko wa bei ulizidi asilimia 1,000 mwaka 1992 na mwaka uliofuata ukawa asilimia 90 hivi. Kiwango kile cha 8 kwa marki hakikuguswa mpaka wanaingia kwenye euro Januari 2011: krooni 15.6466 kwa euro ni 8 ileile mara 1.95583 za marki kwa euro. Piga mwenyewe.

#7 Bi Hesabu

Sawa, ila Estonia ni watu milioni moja na nusu. Ukraine milioni 52 walitoka kwenye rubli pia 1992, wakaanza na kuponi, wakabadilisha bila kufunga bomba, na 1993 bei zikapanda zaidi ya asilimia 10,000. Hryvnia ilipokuja Septemba 1996 walifuta sufuri tano. Kwa hiyo sarafu yako mwenyewe bila bajeti ni karatasi yako mwenyewe tu.

#8 Mlinganyo

Ndiyo, na mfano wa tatu ni Kyrgyzstan. Walitoka Mei 1993, som 1 kwa rubli 200, na siku hizohizo IMF ikawapa fedha. Wao ndio wa kwanza kutumia dirisha jipya lililofunguliwa Aprili 1993 kwa ajili ya nchi hizi, STF (Systemic Transformation Facility). Nalieleza kidogo maana halisemwi sana.

Nchi hizi zilikuwa zinauziana kwa bei za kupangwa. Mafuta na gesi ya Urusi yalikuwa rahisi mno. Siku ukihamia bei ya dunia, nchi isiyo na mafuta inapata pengo la malipo hata kama haijafanya kosa lolote. STF ilikuwa ya pengo hilo. Nchi iliweza kuchukua hadi asilimia 50 ya kwota yake (mchango wake IMF, unaopima pia inachoweza kukopa), mafungu mawili ya asilimia 25. Fungu la kwanza lilitolewa kwa barua ya nia: unaeleza sera zako, unaahidi kutoongeza vizuizi vya biashara na malipo, basi. La pili, miezi sita hivi baadaye, kama unaelekea kwenye programu kamili. Kurejesha ni kuanzia mwaka wa nne na nusu hadi wa kumi.

Kwa hiyo Urusi yenye kwota ya SDR milioni 4,313.1 ilichukua SDR milioni 1,078 katikati ya 1993, kama dola bilioni 1.5, na nyingine kama hiyo Aprili 1994. Ukraine ilipata fungu lake la kwanza Oktoba 1994, dola milioni 371, baada ya Rais Kuchma kuingia na kukubali kuachia bei.

Udhaifu wa STF: masharti mepesi yalifanya fungu la kwanza litoke hata pale ambapo hakuna mtu ndani ya serikali aliyeamini barua ile. Belarus ilichukua, ikasaini na mkopo wa kawaida 1995, kisha ikarudi kwenye kudhibiti bei na fedha za kigeni. Uzbekistan vivyo hivyo, 1996.

#9 Mwanafalsafa wa Soko Mjinga

Mnahesabu mikopo tu. Vipi "msaada wa kitaalamu"? Nilidhani hapo ndipo fedha nyingi zilipoliwa.

#10 Nuru_T

Zililiwa kihalali, kwa ankara. Mpango wa TACIS wa Umoja wa Ulaya (1991 hadi 2006) ulilipa hasa kampuni za ushauri za Ulaya: posho, ndege, hoteli, ripoti. Wizara iliyopokea ilipata juzuu za mapendekezo, mara nyingi bila fedha ya kutekeleza hata ukurasa mmoja. Jamhuri za Baltiki zilihamishiwa mapema PHARE, mpango mwingine wa Umoja wa Ulaya, kule kulikuwa na fedha ya uwekezaji na lengo la uanachama wa Umoja wa Ulaya. Tofauti hiyo ya lengo ilifanya kazi kubwa.

EBRD ilianza Aprili 1991 London, ikiwa na sharti la kutoa angalau asilimia 60 ya fedha kwa sekta binafsi. Mwanzoni mwa 1993 magazeti yakafichua kwamba benki imetumia kwa ajili yake yenyewe, jengo na ndege za kukodi, mara mbili ya ilichowapa wakopaji. Marumaru ya ukumbini peke yake ilibadilishwa kwa pauni 750,000 hivi. Rais wake Jacques Attali akaondoka mwaka huo. Baada ya hapo benki ilitulia na kufanya kazi nzuri kwenye mambo ya kawaida: mikopo ya biashara ndogo Urusi kuanzia 1994, na usimamizi wa mifuko ya Chernobyl. Lile kuba la chuma lililosukumwa juu ya kinu namba 4 Novemba 2016 limelipiwa kupitia kwao.

Wamarekani nao waliweka usimamizi wa ushauri wa ubinafsishaji kwa taasisi ya Chuo Kikuu cha Harvard. USAID ikausimamisha mkataba 1997 baada ya kubainika kwamba washauri walikuwa na maslahi binafsi kwenye masoko waliyokuwa wanayatungia kanuni. Kesi ikaisha 2005, chuo kikilipa dola milioni 26.5.

#11 Bi Hesabu

Usisahau Benki ya Dunia kwenye makaa ya mawe. Ruzuku ya bajeti ilipitia kampuni ya serikali ya Rosugol, ikawa inakatwa njiani kabla haijafika kwa mchimbaji. Mkopo wa kwanza wa 1996 ukatoka, mishahara ikaendelea kutolipwa. Sharti lililosaidia lilikuwa la kihasibu tu: Rosugol ivunjwe, na fedha ziende hazina moja kwa moja kwenye akaunti za migodi, zikiwa zimetengwa kwa jina, hii ya kufunga mgodi, hii ya fidia ya majeruhi. Rosugol ilivunjwa 1997, mkopo wa pili wa dola milioni 800 ukaidhinishwa Desemba.

#12 Mlinganyo

Turudi Urusi 1995 hadi 1998, maana hapo ndipo fedha halisi ilipoingia.

Oktoba 11, 1994 rubli ilianguka kwa zaidi ya moja ya tano siku moja, kutoka 3,081 hadi 3,926 kwa dola. Hofu hiyo ilileta nidhamu. Aprili 1995 IMF ikasaini mkopo wa dola bilioni 6.8, sawa na kwota nzima, ukitolewa kila mwezi badala ya kila robo mwaka kwa sababu hakuna aliyeamini takwimu za miezi mitatu. Sheria mpya ya benki kuu ikazuia kuikopesha serikali moja kwa moja. Mfumuko wa bei ukashuka: asilimia 131 mwaka 1995, 22 mwaka 1996, 11 mwaka 1997.

Ukisoma hizo namba tu utasema wameshinda. Shida ni kwamba nakisi haikupungua, ilibadilisha mlango. Badala ya benki kuu kuchapa, hazina ikauza GKO, dhamana za muda mfupi, nyingi za miezi mitatu hadi sita. Kabla ya uchaguzi wa 1996, hofu ya kwamba Wakomunisti wangerudi ilipandisha riba zake kupita asilimia 100 kwa mwaka. Hapo mfumuko wa bei unashuka, kwa hiyo riba halisi ilikuwa ya kutisha. Machi 1996, miezi mitatu kabla ya kura, IMF ikaidhinisha mkopo wa miaka mitatu wa dola bilioni 10.1. Ulikuwa mkopo wa kisiasa, na serikali za Magharibi hazikujificha kutaka Rais Yeltsin ashinde.

Kodi hazikukusanywa kwa sababu ya mchezo wa kufutiana madeni. Kampuni ya umeme inadai jeshi. Jeshi halina fedha. Hazina inaifutia kampuni kodi kwa kiasi hicho. Kwenye hati hizo umeme umeandikwa kwa bei ya juu kuliko ya fedha taslimu. Serikali inapokea kilowati ghali na kupoteza kodi halisi. Kampuni nyingine zikaona, zikaacha kulipa kodi kwa fedha zikisubiri zamu yao. IMF ilichelewesha mafungu kadhaa 1996 na 1997 kwa sababu ya makusanyo, kisha ikaachia. Kila mara.

#13 Mwanafalsafa wa Soko Mjinga

Na hapo ndipo waliuza Norilsk Nickel (nikeli) na Yukos (mafuta) kwa bei ya chakula? 

#14 Mlinganyo

Mikopo kwa hisa, mwishoni mwa 1995. Benki inaikopesha serikali, inashika hisa kama rehani, serikali hailipi, benki inauza hisa kwa mnada inaousimamia yenyewe. Asilimia 38 ya Norilsk Nickel kwa dola milioni 170 hivi, asilimia 45 ya Yukos kwa milioni 159. Haikuwa sharti la IMF wala Benki ya Dunia, ila hawakupaza sauti. Masharti ya mkopo yalihesabu nakisi na akiba. Nani kapata mgodi kwa njia gani halikuwemo kwenye jedwali.

#15 Kobe wa Ziwa

Agosti 1998 basi, nimalizie.

Januari 1998 sufuri tatu zilifutwa kwenye rubli. Kiwango kilipangwa rubli 6.2 kwa dola, na nafasi ya asilimia 15 juu na chini. Mafuta yakaanguka kuelekea dola 11 au 12 kwa pipa. Mgogoro wa Asia ukawatia wawekezaji hofu. Wageni walikuwa wameruhusiwa kwenye GKO tangu 1996 na vizuizi vya mwisho viliondolewa mwanzoni mwa 1998, kwa hiyo waliweza kutoka wote kwa mara moja. Tarehe 27 Mei benki kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 150. Kila wiki hazina ilikuwa inahitaji kama dola bilioni 1 ili kulipa GKO zilizoiva. Kwa riba hiyo unakopa ulipe riba ya mkopo wa juzi.

Tarehe 13 Julai ukatangazwa mpango wa dola bilioni 22.6 kutoka IMF, Benki ya Dunia na Japani. Tarehe 20 bodi ya IMF ikaidhinisha. Fungu la kwanza lilipaswa kuwa bilioni 5.6, Duma (bunge) ilikataa baadhi ya hatua za kodi, likakatwa hadi 4.8. Kati ya hizo, bilioni 1 ilikwenda wizara ya fedha, iliyobaki akiba ya benki kuu. Benki kuu ikaitumia akiba kununua rubli kwa kiwango kilekile cha 6.2 na ushei. Kila aliyetaka kuondoka aliuziwa dola kwa bei nzuri. Hakuna haja ya njama kuieleza fedha ile imekwenda wapi: soko lilifunguliwa, ikatoka mlango wa mbele.

Tarehe 17 Agosti mambo matatu kwa pamoja: kiwango kikapanuliwa kati ya 6.0 na 9.5, GKO za dola bilioni 40 hivi zikagandishwa, na kampuni na benki binafsi zikapewa siku 90 za kutolipa madeni ya nje. Hilo la tatu lilikuwa kwa ajili ya benki za Moscow zilizokuwa zimewauzia wageni mikataba ya kuwapa dola siku za mbele kwa bei iliyopangwa mapema. Kabla ya mwaka kwisha rubli ilivuka 20.

Kama fedha ilikuwa itoke, ilipaswa kutoka pamoja na kushusha thamani kwanza, Mei au Juni, au isitoke kabisa. Bilioni 4.8 za kutetea kiwango kilichokwisha kufa zililipa nauli ya walioondoka wa kwanza.

#16 Bi Hesabu

Na FIMACO? Maana ndiyo njama inayopendwa zaidi.

#17 Mlinganyo

FIMACO ilikuwa kampuni ya Jersey chini ya benki ya Kisovieti ya Paris, Eurobank. Benki kuu ya Urusi ilipitishia sehemu ya akiba huko, na 1996 baadhi ya mihamala ilifanya akiba ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa kwa kama dola bilioni 1. Sharti la IMF lilikuwa kiwango cha chini cha akiba. Mwaka 1999 wakaguzi walipochimba, IMF ilikiri kwamba ingejua, huenda fungu fulani lingecheleweshwa. Ukraine nayo ilikutwa na tatizo kama hilo la akiba ya 1996 hadi 1998.

Dawa ya IMF Julai 1999 ilikuwa kali na rahisi: mkopo mpya wa dola bilioni 4.5 kwa Urusi, lakini fedha haitoki Washington. Inaingizwa kwenye akaunti ya Urusi ndani ya IMF na kutumika kulipa madeni ya Urusi kwa IMF. Fungu moja tu la dola milioni 640 lilitolewa.

#18 Nuru_T

Kwa wadogo hadithi ilikuwa mbaya zaidi, na ndiyo inayotuhusu. Kyrgyzstan, Moldova, Georgia, Armenia, Tajikistan zilianza 1992 bila deni la nje, kwa sababu Urusi ilibeba la Kisovieti. Kufikia 2000 hivi deni la Kyrgyzstan lilikuwa linazidi pato la taifa la mwaka mzima. Sababu hazikuwa wizi tu. Makadirio ya ukuaji yalikuwa ya matumaini mno, miradi ya uwekezaji ikakopewa kwa makadirio hayo, gesi ikanunuliwa kwa mkopo (Georgia ilikuwa inadaiwa na Turkmenistan), kisha rubli ilipoanguka 1998 soko lao la mauzo na sarafu zao vikaanguka pamoja. Deni ni la dola, kodi ni za som. Armenia ilifikia kuipa Urusi kituo cha umeme cha Hrazdan na mali nyingine badala ya deni.

Mwaka 2002 IMF na Benki ya Dunia zikaziweka nchi saba maskini za Kisovieti ya zamani kwenye mpango uitwao CIS-7. Kyrgyzstan ikaenda Klabu ya Paris 2002 na tena 2005. Kisha ikajadili kuingia HIPC, mpango wa kusamehe madeni ya "nchi maskini zenye madeni makubwa", mlango uleule walioupitia Uganda 1998 na Tanzania 2001. Februari 2007 serikali ikakataa. Waliopinga walihofia masharti ya sekta ya umeme na migodi, pamoja na aibu ya jina lenyewe.

#19 Mwanafalsafa wa Soko Mjinga

Basi Urusi ililipa au haikulipa?

#20 Mlinganyo

Ililipa. Mafuta yalipopanda ilimaliza deni la IMF tarehe 31 Januari 2005, kabla ya muda, kwa malipo ya mwisho ya dola bilioni 3.3. Klabu ya Paris ikamalizwa Agosti 2006.

Na kumbuka tangu Septemba 1997 ilikuwa imekaa upande wa pili wa meza pale Paris kama mkopeshaji, ikidai mikopo ya Kisovieti kwa nchi kama Ethiopia, Msumbiji na Tanzania, mingi ya silaha. Madai hayo yaliandikwa kwa rubli za Kisovieti, zikahesabiwa kwa kiwango cha zamani cha kama rubli 0.6 kwa dola, kisha nchi maskini zikapunguziwa hadi asilimia 80 hata kabla ya mazungumzo kuanza. Bila punguzo hilo madai yangekuwa kichekesho.

La mwisho kabisa kati ya madeni ya Kisovieti lililipwa Agosti 2017: dola milioni 125.2 kwa Bosnia na Herzegovina, sehemu yake ya mizania ya biashara ya zamani na Yugoslavia.